Mikono Miwili, Mashamba Matatu

Ijulikane kwa wakubwa na wadogo, kwa wenye suti na wenye majembe, kwamba siku ya Ijumaa, saa nne kamili asubuhi, Himaya ya Mvinyo wa Mikono Miwili ilitarajiwa kutwaa shamba lake la nne la mizabibu, na historia kupiga magoti. Saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi hiyo hiyo Himaya yenyewe ilikuwa jikoni, imevaa gauni la kulalia, imeinama chini ya meza, inatafuta kiatu cha kushoto.

"Nani kachukua kiatu changu?"

Mumewe alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kikombe cha chai mbele yake. Binti yao, kitinda mimba, aliyekuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni siku tisa zilizopita, alikuwa akipaka mkate siagi kwa utulivu wa mtawa.

"Nimeuliza. Leo si siku ya mchezo."

"Mama, umetazama kwenye friji?" binti akauliza.

Kiatu kilikuwa kwenye friji, kati ya maziwa na nyanya, kimepoa vizuri. Hadi leo haijathibitika ni nani aliyekiweka humo, na mtu asiharakishe kumnyooshea kidole mtoto wa watu kwa sababu tu alijua kilipo. Kuna watu wamejaliwa kipaji cha kukisia.

"Ngoja nirudi," mama alisema, akijikaza kuingiza mguu kwenye barafu. "Nikirudi nikiwa na mashamba manne, nitapata mahali pa kukuzika."

Wafanyakazi wake walimwita Bosi. Wale wa zamani, akishawapa kisogo, walimwita Chupa, na hawakukosea. Alianza maisha kwa kuosha chupa katika Shamba la Juu, mikono ndani ya birika la saruji tangu alfajiri hadi ngozi ikunjamane kama zabibu kavu. Kutoka hapo alipata ekari moja ya mawe, akapanda. Akapata shamba la pili, akapata la tatu. Leo alikuwa anakwenda kulinunua Shamba la Juu lenyewe, pamoja na birika lake.

Nyuma ya kila chupa aliyoiuza palikuwa na mstari aliousema mwenyewe wakati akiwa na ekari moja na mume mmoja: *Kila mzabibu wetu umepogolewa na mikono miwili tu.* Enzi hizo ulikuwa ukweli mtupu, maana mikono mingine haikuwepo. Wanunuzi wakaupenda mstari kuliko hata mvinyo. Wengine walizisoma chupa kwa sauti mezani, wakatikisa vichwa, wakaagiza nyingine. Basi mashamba yakaongezeka, mizabibu ikaongezeka, na kila msimu wa ukavu, mizabibu ikiwa imelala na macho yake, yale yanayotoa machipukizi, hayajafumbuka, mikono ile ile miwili ilichukua mkasi ule ule na kupita mstari kwa mstari, tawi kwa tawi. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekaa chini akaifanya hesabu hiyo ya darasa la tatu.

"Chai yako inapoa," mama alimwambia mumewe huku akifunga saa mkononi.

"Naipenda ikipoa."

"Tangu lini?"

"Mtu hubadilika, mama watoto."

Hakumsikia. Alikuwa ameshaanza kufanya mazoezi ya hotuba yake mbele ya kabati la vyombo. Mume alimwita binti kwa kidevu. "Njoo unifunge vifungo. Sioni, miwani yangu imepotea."

Miwani ilikuwa kwenye paji la uso wake. Binti alifunga vifungo vyote sita.

Hapa lazima msomaji aelezwe jambo. Katika nyumba ile vidole vya baba vilikuwa polisi. Ukimwekea punje ya mchele kwenye soksi, kidole kilikuwa kinaikamata kabla mguu haujafika. Ukilegeza skrubu ya kiti, alipitisha kiganja mara moja tu chini ya mbao, akacheka, na akaanza kumfukuza mtuhumiwa kuzunguka tangi la maji mpaka wote wawili wakaishiwa pumzi. Likizo hii polisi walikuwa wamelala. Siku tisa zilipita, mizaha minne mizuri ikafanywa na watu wasiojulikana, na hakuna hata mmoja uliogunduliwa. Punje ya mchele baba aliikanyaga kutwa nzima. Inasikitisha sana, kwa fundi yeyote, kuona kazi yake haitazamwi.

Binti alirudi kwenye mkate wake. Chini ya meza alivaa kandambili zilizoandikwa namba 214 kwa wino mweusi, maana shuleni kwao kila kitu huandikwa namba ya mwenyewe: ndoo, mswaki, shuka, hata soksi za kuvaa siku ya ibada. Ukiazima kitu hapo, kitarudi kwa mwenyewe kwa miguu yake.

Njiani mama aliendesha gari mwenyewe. Mume alikaa pembeni, mkasi wa kupogolea juu ya mapaja yake, umefungwa kwenye kitambaa. Binti alikaa nyuma na kapu la chupa za zawadi.

"Nitaingia kwa mlango wa mbele," mama alisema.

"Utaingia," mume akajibu.

"Nitafika pale kwenye ngazi, nitasimama. Sitaharakisha."

"Usiharakishe."

Zamani zile, mwenye Shamba la Juu, mzee ambaye hadi leo huitwa Mzee Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kuuona upara wake, alimkuta muosha chupa mmoja amesimama kwenye sakafu ya mbele, miguu inachuruzika maji. Hakumtukana. Alisema tu, kwa upole kabisa, "Wewe wa chupa, zunguka nyuma. Miguu imelowa." Lingekuwa tusi, mama angeshalisahau. Upole ule ndio uliomkaa kooni.

"Na wewe utapogoa mmoja tu," mama aliendelea kumwambia mumewe. "Mzabibu mmoja! Dakika tano. Kisha wakili atoe karatasi, tusaini, tuondoke."

Hilo lilikuwa sharti la muuzaji. Alikuwa na mnunuzi mwingine, mwenye mahoteli, ambaye angeing'oa mizabibu yote ajenge vyumba vya wageni. Mzee Kofia hakutaka mizabibu yake ing'olewe, lakini hakutaka pia kuiacha kwa mtu yeyote tu. "Lebo yako inasema mikono miwili," alimwambia mama kwenye simu. "Nataka kuiona ikiugusa mzabibu wangu wa kwanza, ule niliopanda mwenyewe. Nikiridhika, shamba ni lako. Nisiporidhika, hata ungekuja na gunia la pesa."

"Mmoja tu," mume alisema, akiutazama mkasi. Kisha akaongeza taratibu, "Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nini?"

"Shamba la Juu ni kubwa kuliko yote matatu."

"Ndiyo! Ndiyo raha yake!" mama akasema, akabadilisha gia, na gari likapanda mlima likiguna.

Mzee Kofia aliwangoja kwenye ngazi za mbele. Mama alifika, akasimama. Hakuharakisha. Akamwamkia, mzee akaitikia, akamshika mkono, akamkaribisha kwa mlango wa mbele, na viatu vyake vikalia ko, ko, ko kwenye sakafu ile ile. Kwa muda wa hatua kama saba alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote waliozaliwa na mwanamke. Inafaa tuseme hivyo, kwa sababu hatua ya nane iliwatoa nje kwa mlango wa pili kuelekea shambani.

Mzabibu wa kwanza ulikuwa peke yake mwanzo wa mstari, mnene kama paja la mtu mzima, magome yanabanduka. Wavunaji walikuwa wamejipanga kwenye waya kutazama. Wakili alishika mkataba na kalamu, akijipepea. Nyapara wa mama, mwanamke wa sauti kubwa ambaye hajawahi kunong'ona tangu abatizwe, alikuwa amekuja na wenzake watatu ili kushuhudia.

"Haya baba, tuonyeshe!" alipiga kelele. "Tawi moja, macho mawili, kata!"

Mume alifungua kitambaa. Alitoa mkasi wenye mishikio aliyoizungushia matambara miaka mingi iliyopita. Alilitazama tawi kwa muda, akahesabu macho mawili kutoka chini, akaweka makali mahali penyewe, akabana.

Tawi halikukatika.

Akabana tena. Makali yalilitafuna gome, yakaacha alama ya meno, yakaishia hapo. Alihamisha mkasi kwenye tawi lingine, jembamba zaidi, la kukatwa na mtoto wa miaka sita. Akabana kwa mikono yote miwili hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Tawi lilipinda, likateleza, likarudi lilipokuwa.

"Mkasi umeshiba leo!" Nyapara alisema, na watu wakacheka. Kisha wakaona uso wa mume, kicheko kikafa kimoja kimoja mpaka akabaki mzee mmoja wa mwisho wa mstari ambaye husikia mambo kwa kuchelewa.

Baadaye wengine walisema ni kutu. Inawezekana. Kutu ni adui mkubwa wa vyombo vya chuma, na somo hilo tumelifundishwa vizuri shuleni.

Mume aliushusha mkasi. Akatazama viganja vyake, akavigeuza, akavigeuza tena, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni akakuta mfuko umetoboka. Alirudi nyuma hatua mbili, akakaa juu ya kreti la mavuno.

"Imekwisha," alisema.

"Nini?" mama akauliza.

"Mikono. Nilijua siku itafika. Sikujua itakuwa leo, mbele za watu." Na mbele za watu hao hao, mtu mzima yule akalia, bila sauti, machozi yakishuka hadi kwenye kola aliyofungiwa na mtoto.

Mama alisimama na mkoba wake kwapani. Alimtazama mzee. Alimtazama wakili. Kisha akautundika mkoba kwenye waya, akapiga magoti kwenye vumbi na sketi yake mpya, akaichukua mikono ya mumewe.

Alikuwa hajaishika kwa muda mrefu. Alikuwa ameiandika kwenye lebo, ameitangaza, ameipiga picha ikiwa imeshika mkasi. Kuishika hakuwa ameishika. Vidole vilikuwa baridi na vimevimba, vitatu vya mkono wa kulia havikuufumbata mkono wake alipoviminya.

"Unanisikia hapa?"

"Kidogo."

"Na hapa?"

Alitikisa kichwa.

"Tangu lini?"

"Ganzi ilianza tulipochukua shamba la pili. La tatu, nikawa siusikii mkasi, nautazama tu kwa macho kama umefunga. Mwaka huu hata kikombe."

"Kwa hiyo chai..."

"Nikikishika cha moto sijui kama kinaniunguza. Naogopa kukiangusha."

"Miaka yote hiyo, baba watoto! Ulikosa mdomo?"

"Ungeacha kununua," alisema. "Nami nakujua. Ukiacha kununua, huli, hulali. Nikaona heri vidole vife ganzi kuliko wewe ukose usingizi."

Mama aliendelea kuishika ile mikono. Vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini.

Mzee Kofia alikohoa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mizabibu tu. "Bosi," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "mkono huugua, hupona. Mimi sina haraka. Nipe neno lako tu kwamba akipona, ni mikono hii itakayoishika mizabibu yangu, na si ya vibarua wa msimu. Neno lako linanitosha. Saini."

Wakili, aliyeona chakula chake cha mchana kikikaribia, alifungua kalamu haraka akamsogezea.

Mama alisimama. Kutoka pale aliiona nyumba, ngazi za mbele, na kando yake, chini ya kibanda cha bati, birika la saruji. Maji yalikuwa yakidondoka. Angeweza kulivunja birika lile kesho yake, au kulipandia maua. Alikuwa ameliwaza kwa miaka ishirini na miwili na hajakata shauri ni maua gani. Neno moja tu lilikuwa linamtenganisha nalo, na lilikuwa neno fupi.

"Hapana, mzee," alisema.

"Hapana nini?"

"Mikono hii haitapogoa shamba la nne. Haikutakiwa hata kupogoa la tatu. Lebo yangu inasema uongo, na mimi ndiye niliyeuandika." Alirudisha kalamu kwa wakili, mshikio mbele, kwa adabu. "Samahani kwa kukupotezea asubuhi."

"Nitamuuzia mwenye mahoteli. Ataing'oa."

"Najua." Sauti ilimkatika kidogo hapo. "Najua, mzee wangu."

Alimwinua mumewe kwa kumshika kwapani. Nyapara aliuchukua mkasi, akaufunga kwenye kitambaa chake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema kitu. Binti wakati huo alikuwa nyuma ya gari, amejifunika mdomo kwa viganja viwili. Bila shaka ni kwa huruma. Ni mtoto mwenye huruma sana.

Hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Kwenye njia panda mama alikata kushoto bila kuuliza mtu, akasimama mbele ya zahanati.

Daktari alikuwa kijana mwenye kalamu nne mfukoni. Aligonga kifundo cha mkono wa mgonjwa kwa ncha ya mojawapo, akauliza maswali, akachora mstari. Mshipa wa fahamu umebanwa hapa, alisema. Panapasuliwa padogo, unaachiwa nafasi, kisha mikono inapumzika. "Mzee, kazi yako ni ya kubana kitu siku nzima?"

"Ni ya kubana," mgonjwa alikubali.

"Basi isiwe tena. Mngechelewa mwaka mmoja, ningeongea mengine."

Nyumbani mama alimpeleka moja kwa moja chumbani kwao. Alimkalisha kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kumfungua vifungo. Alianzia cha juu. Alikuwa anavifungua polepole, kama mtu anayejifunza kusoma.

"Umenikasirikia?" mume aliuliza.

"Sana."

"Kwa sababu ya shamba?"

"Kwa sababu ya chai. Kila asubuhi nakwambia inapoa, nawe unanitazama tu! Mimi ni mke gani, nisiyejua kama mume wangu anapenda chai ya moto?"

"Unajua. Naipenda ya moto."

"Nyamaza." Akafika kifungo cha mwisho, akakaa karibu naye. Kisha akaenda jikoni, akarudi na kikombe kinachofuka moshi, akakishika yeye mwenyewe, akamnywesha. Baada ya funda la tatu alisema, "Ningepanda vitunguu."

"Wapi?"

"Kwenye birika. Sasa hivi ndiyo nimejua. Si maua. Vitunguu." Akacheka, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na sasa ikawa zamu ya mume kutafuta jinsi ya kumfuta mtu machozi kwa vidole visivyosikia. Alimfuta kwa kiwiko.

Msimu ule mashamba matatu yalipogolewa na Nyapara na wanawake kumi na mmoja. Mume alikaa juu ya stuli katikati ya mistari, mikono yote imefungwa bandeji kama bondia aliyeshindwa, akipogoa kwa mdomo.

"Hilo hapana! Hilo mwaka kesho ndilo linalozaa!"

"Lipi, baba?"

"Hilo linalokutazama!"

"Yote yananitazama!" Nyapara alijibu. "Shuka uje uonyeshe kwa pua!"

Naye alishuka akaonyesha kwa pua. Walikata vibaya siku mbili, vizuri siku ya tatu. Ilibainika kwamba Nyapara alikuwa akimtazama kwa miaka kumi na moja na anajua kila kitu, ila hakuwahi kupewa mkasi, kwa sababu ya lebo.

Shamba la Juu lilikwenda kwa mwenye mahoteli. Mama aliisikia habari hiyo sokoni, akanunua alichokwenda kununua, akarudi. Wiki ile hakula vizuri. Usingizi alilala.

Kabla ya kukabidhi funguo, Mzee Kofia alikuja. Hawakulisikia gari. Mama alikuwa jikoni akaona kofia ikipita dirishani, inazunguka nyumba, kisha hodi ikapigwa kwenye mlango wa nyuma. Mzee alisimama nje na gunia bichi begani. Maji yalikuwa yanamchuruzika suruali mpaka viatuni.

"Nimekuletea vipandikizi vya mzabibu wa kwanza," alisema. "Arobaini. Nimevikata mwenyewe kwa kisu. Vilikuwa vimelowekwa kwenye lile birika, ndiyo maana nimelowa hivi. Ukivichomeka wiki hii vitashika." Alitazama sakafu ya jikoni, safi, imetoka kupigwa deki. "Nitaviacha hapa hapa nje. Miguu yangu imelowa."

Mama alipokea gunia. Aliusikia uzito wake, akaliweka chini.

"Mzee," alisema, "zunguka mbele. Pita mlango mkubwa, ukae sebuleni. Naleta chai."

"Nitachafua."

"Chafua."

Wanaojua wanasema sakafu ile ina alama za viatu hadi leo. Wanazidisha chumvi. Lakini ni kweli kwamba mama hakuipiga deki siku mbili.

Ilibaki lebo. Ule mstari ulifutwa, na chupa haiwezi kwenda sokoni ikiwa na mgongo mtupu. Nyapara alipendekeza *Mikono Ishirini na Minne na Pua Moja*. Mama alikataa, ila si kwa haraka. Jioni moja, jua likiwa bado dirishani, akamwambia binti yake, "Wewe ndiye msomi. Niandikie historia ya mwaka huu, ukweli mtupu, nitachagua humo mistari mitatu. Kila ukimaliza ukurasa, niletee jikoni nisome."

Binti aliandika. Alipeleka ukurasa wa kwanza, mama akasikika akicheka pale kwenye friji. Akapeleka wa pili, wa tatu, wa nne, mpaka wa birika na vipandikizi. Alikuwa amefika hapa hapa unaposoma, akitafuta neno zuri la kufungia, wakati baba yake alipoingia na kusimama nyuma ya kiti.

"Pale kwenye mkasi umeandikaje?"

"Kutu."

"Kutu," baba alirudia kwa heshima zote.

Aliingiza mkono mfukoni, mkono wa kulia, ule ambao bandeji yake ilitoka juzi. Alitafuta humo ndani bila kutazama. Akatoa kitu kidogo kwa ncha za vidole viwili, bila kukiangusha, akakiweka juu ya daftari.

Kilikuwa kipande cha kifutio cha penseli. Upande mmoja kilikuwa kimeminywa hadi kikachukua umbo la springi ya mkasi. Upande wa pili, kwa wino mweusi ulioanza kufifia, kiliandikwa 214.

"Kilidondoka siku ile ile," alisema, "nilipouloweka mkasi kwenye mafuta ya taa. Mkono mzima ungekigundua kabla hata haujabana. Mimi nikajua ni vidole vimekufa."

Hakuna neno zuri la kufungia. Basi, ni mimi. Kiatu ni mimi, mchele ni mimi, na kifutio nilikisokomeza mimi, Alhamisi, kwenye springi, chini ya matambara ya mshikio, mpaka mkasi ukawa haufungi. Nilikikata kwa haraka nikasahau namba. Sikujua habari ya ganzi. Nilidhani baba ameacha kunijali. Nilitaka aubane mkasi, agundue, acheke, anifukuze kuzunguka tangi kama zamani. Nilimliza mbele ya watu, na nikamnyima mama yangu Shamba la Juu, na siku zote hizi nimekuwa nikisema kutu.

"Kwa nini hukusema, baba?" nilimuuliza.

"Ningesema, mama yako angerudi kusaini siku hiyo hiyo." Alijikuna kidevu, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana uso wa mtu aliyekamatwa. "Nilipokipata nilikuwa nimeshalia, nimeshasema yote, nimeshanyweshwa chai ya moto. Nikakitia mfukoni. Kwa hiyo tuko wawili. Andika hilo nalo."

Nimeliandika. Ukurasa wa kwanza wa maungamo haya baba ameuchukua mwenyewe akaupeleka jikoni, kwa kuwa mimi sikuthubutu. Sasa amerudi, amesimama mlangoni. Kule jikoni nimesikia kiti kikisogezwa. Kisha kitu kama kicheko, au kama kwikwi, sijui, hata baba ameinua kichwa kusikiliza na hajui. Sasa nasikia kiatu kikivuliwa.

"Mia mbili na kumi na nne!" mama anaita.

Baba ananyoosha vidole vyake mbele yangu, kimoja, cha pili, anavikunja na kuvikunjua, vyote vinamtii. Amesema anahesabu mpaka vitatu, nami niwe nimefika kwenye tangi.